Kuchonga picha ya mtu kwenye ubao kwa CNC ya kujiundia: mwongozo kamili

Ukishaunda CNC yako, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ikaanza kukata herufi na vibao vya majina, kinachofuata karibu kila mtu anataka kuchonga sura ya mtu, na hapo ndo mashine nyingi zinaumbuka. Kwenye herufi hata Z, ule mhimili wa juu na chini, ikikosea robo milimita hakuna atakayejua. Kwenye picha Z ndo inachora kila kitu, X na Y, mihimili ya kulala, kazi yao ni kuisindikiza tu. Kwa hiyo mwongozo huu utaona narudi kwenye Z kila baada ya aya mbili, nivumilie, ndo ilivyo.

Nachukulia mashine unayo tayari na inatembea: bodi ya Arduino Uno yenye GRBL (programu inayoendesha mota) au kitu cha aina hiyo, mota za stepa zinazozunguka kwa hatua ndogondogo, na ruta ndogo ya mkono ya kukatia mbao imefungwa pale mbele. Jinsi ya kuiunda ni habari nyingine ndefu.

Picha inatokeaje kwenye ubao

Kuna njia kadhaa, mi nafundisha ya mistari kwa biti ya V kwa sababu ndo inayotoka vizuri kwa mashine ya nyumbani. Ubao umepakwa rangi moja juu na chini yake kuna rangi nyingine. Biti inapita mistari sambamba ubao mzima huku inazama na kuinuka kufuata picha. Ikizama sana mfereji unakuwa mpana, ikiinuka mfereji unakuwa mwembamba, na jicho likiwa mbali kidogo linachanganya mifereji na matuta yaliyobaki linaona kijivu. Magazeti nayo yanachapa picha kwa akili hiyohiyo ila wao wanatumia nukta.

Hesabu yake ni moja tu na lazima uielewe: upana wa mfereji = kina × 2 × tanjenti ya nusu ya pembe ya biti. Ukiifanya mapema unapata hivi:

- biti ya 90°: upana ni kina mara 2
- biti ya 60°: upana ni kina mara 1.15
- biti ya 30°: upana ni kina mara 0.54

Tuseme nafasi kati ya mstari na mstari ni 1.5 mm. Usiruhusu mfereji ufike 1.5 yote, kwa sababu matuta yakiisha unapoteza uso wa ubao na vipande vinaruka, ishia kama asilimia 90 yaani 1.35 mm. Kwa biti ya 60° hiyo ni kina cha 1.17 mm, kwa ya 90° ni 0.675 mm tu.

Sasa angalia hapa. Ubao ukiwa umepinda 0.1 mm, ambayo ni karatasi moja tu, biti ya 60° inakosea upana kwa 0.115 mm, karibu asilimia 8 ya nafasi ya mstari. Ya 90° inakosea 0.2 mm, asilimia 13, na hilo linaonekana kabisa kama doa la giza upande mmoja wa uso. Ya 30° kosa lake lingekuwa dogo zaidi ila inabidi izame 2.5 mm, ncha yake ni dhaifu na Z inapanda na kushuka safari ndefu kila saa. Ndo maana 60° ni pa kuanzia. Nenda 90° pale tu ambapo Z yako ni ya polepole na ubao wako umenyooka kweli.

Kingine, biti nyingi hazina ncha ya sindano, mwisho wake ni bapa ya 0.1 au 0.2 mm. Maana yake hata sehemu nyepesi kabisa ya picha itaachiwa kamstari. Ongeza huo upana wa ncha kwenye hesabu yako, na sehemu ambazo hazitakiwi mfereji kabisa iambie programu iinue biti juu ya ubao.

Kuiandaa mashine

Kwanza sawazisha meza. Weka kipande cha MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) juu ya meza kama kitanda cha kazi, kibane vizuri, kisha kipite chote kwa biti pana ya kusawazishia, nusu milimita inatosha. Hapo kitanda kinakuwa sambamba na njia ya mashine yenyewe hata kama fremu yako imekaa upande. Kitanda kikishasawazishwa usikifungue tena, ukikifungua unasawazisha upya.

Pili, nenda kwenye setingi za GRBL uweke $1=255. Hii inafanya mota zibaki zimekaza muda wote. Ukiiacha kama ilivyokuja, mota zinalegea kila mashine ikisimama, na kama skrubu ya Z ni ile ya hatua kubwa, 8 mm kwa mzunguko, ruta kwa uzito wake inaweza kuteremka yenyewe, na sifuri ya Z, yaani pale mashine inapohesabu kuwa ni usoni mwa ubao, ndo imeondoka hivo.

Tatu, hakikisha hatua kwa milimita za Z, yaani $102. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko yenye mgawanyo wa 8 (kila hatua imegawanywa mara nane) kwenye skrubu ya 8 mm inatoa 200 kwa milimita, kwenye skrubu ya 2 mm inatoa 800. Usiamini hesabu peke yake, iambie Z ipande 10 mm alafu pima kwa kalipa.

Nne ni ulegevu, ile hali ya mhimili kugeuza mwelekeo na kupoteza kidogo kabla haujaanza kutembea. Kwenye X unaonekana kirahisi: ukichonga kwa kwenda na kurudi, mistari ya kwenda inasogea upande mmoja na ya kurudi upande mwingine, na ukingo wa taya unakuwa kama meno ya kitana. Dawa ni nati yenye springi, au kukaza mkanda, au kama hutaki kuhangaika chonga mwelekeo mmoja tu, kurudi iwe hewani. Muda unaongezeka ila picha inanyooka.

Spidi ya Z ndo watu wengi hawaijui alafu wanalalamika kazi imechukua saa nne. Kutoka weupe kwenda weusi ndani ya pointi moja ya 0.4 mm, biti inatakiwa izame 1.17 mm, mteremko wa karibu tatu kwa moja. Kama $112 yako, yaani spidi ya juu kabisa ya Z, ni 600 mm kwa dakika, GRBL haiwezi kuivusha Z hapo, inachofanya ni kupunguza mihimili yote, kwa hiyo X inashuka mpaka kama 205 mm kwa dakika hata ukiwa umeandika F1200, yaani 1200 mm kwa dakika. Picha yenye nywele nyingi na majani nyuma inajaa miteremko hiyo. Pandisha $112 na $122 (jinsi Z inavyoongeza mwendo haraka) taratibu mpaka mota ianze kupoteza hatua, kisha rudi nyuma kama theluthi moja, hapo ndo pako.

Ubao na rangi

MDF ndo rahisi, haina nyuzi za mbao na inakatika sawa pande zote. Plaiwudi iache, matuta membamba yanabanduka. Mbao ya kawaida inawezekana ikiwa ngumu na yenye nyuzi za karibukaribu, ila mistari ifuate nyuzi au ikate kwa mshazari, usiikate kimsalaba moja kwa moja. Plastiki ya rangi mbili iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchongwa inatoka safi kuliko zote, sema ni nyembamba na inataka mistari ya karibu zaidi, angalia kina chako kisivuke unene wake.

Kwa MDF kuna namna mbili na lazima uamue kabla hujagusa picha, kwa sababu ndo inaamua kama utaigeuza au la.

Namna ya kwanza ni kupaka uso rangi nyeusi, kisha mfereji unafunua ubao wenyewe ambao ni wa kahawia nyepesi. Hapa mfereji ni mwanga, kwa hiyo sehemu nyeupe za picha ndo zinazama. Ni rahisi, inaisha mara moja, ila weupe wake hauwi weupe, ni rangi ya mchanga. Kwa picha ya zamani zamani inapendeza kweli.

Namna ya pili ina kazi zaidi lakini inatoa tofauti kali. Chonga ubao bila rangi, sehemu za giza ndo zizame, puliza rangi nyeusi kila mahali mpaka ndani ya mifereji, ikikauka pitisha rola ngumu ya sponji yenye rangi nyeupe kidogo sana juu ya matuta. Rola haifiki ndani, kwa hiyo mifereji inabaki nyeusi na matuta yanakuwa meupe. Siri ni rola iwe karibu kukauka, izungushe kwenye karatasi kwanza. Ikiwa na rangi nyingi inamwagikia ndani na huna namna ya kuitoa.

Kwa vyovyote vile, ubao ufunge kwanza kwa vanishi iliyozimuliwa au shelaki, makoti mawili na msasa laini katikati. MDF ambayo haijafungwa inatoa manyoya ukiikata na manyoya yanameza rangi vibaya.

Kutayarisha picha

Chukua picha ambayo uso umejaa, mwanga umetoka upande mmoja na nyuma hakuna vurugu. Ifungue kwenye GIMP au programu nyingine ya kuhariri picha, kata mpaka ibaki kichwa na mabega, igeuze iwe ya kijivu, futa yaliyo nyuma uweke rangi moja.

Alafu fanya jaribio ambalo litakuokoa ubao. Picha ya 300 kwa 240 mm yenye nafasi ya 1.5 mm ina mistari 160 tu. Ipunguze kwenye skrini iwe na pikseli 160 kutoka juu hadi chini, iangalie. Ukimtambua mtu, macho yanaonekana na tabasamu lipo, endelea. Ukiona ukungu, hakuna mashine itakayoiokoa hiyo, ama kata picha karibu zaidi na uso, ama ongeza ukubwa wa ubao, ama punguza nafasi ya mistari. Nafasi chini ya 1 mm inataka ubao ulionyooka sana na biti isiyoyumba kwenye ruta, sio pa kuanzia.

Ikifaulu, rudi kwenye picha kubwa, vuta ngazi za mwanga mpaka nyeusi iwe nyeusi kweli na nyeupe iwe nyeupe, ongeza ukali kidogo kuzunguka macho na midomo. Nywele na nguo zifanyie kinyume, zilainishe kwa ukungu mdogo, hapo Z inapumzika na mtazamaji hatajua.

Kuibadilisha kuwa G-code

Programu za kugeuza picha kuwa G-code, yaani maagizo ya mwendo wa mashine, zipo, PhotoVCarve ya Vectric imetengenezwa kwa kazi hiihii. Ukijua lugha ya programu ya Python kidogo unaweza kuandika yako jioni moja, mantiki yake ni fupi: kwa kila mstari, tembea kila 0.4 mm, soma mwanga wa picha pale, geuza kuwa kina, andika X na Z. Ukimaliza mstari ongeza Y kwa 1.5 na urudi.

Kwenye kugeuza mwanga kuwa kina ndo kuna mtego. Namba za pikseli sio mwanga halisi. Pikseli ya 128, ambayo ungedhani ni nusu, kwenye skrini inatoa kama asilimia 22 tu ya mwanga wa pikseli ya 255. Ukigeuza moja kwa moja, nusu kwa nusu, uso unatoka umepauka, mashavu na paji havitofautiani. Kwa hiyo gawa pikseli kwa 255, ipandishe kwa kipeo cha 2.2, hiyo ndo asilimia ya weupe unaoutaka. Kama mfereji wako ni mwanga, kina ni asilimia hiyo mara kina cha mwisho. Kama mfereji ni giza, toa kwenye moja kwanza.

Faili litaanza hivi:

G21
G90
M3 S12000
G0 Z3
G0 X0 Y0
G1 Z-0.35 F300
G1 X0.4 Z-0.41 F1200
X0.8 Z-0.55
X1.2 Z-0.92

M3 haina kazi kama ruta unaiwasha kwa swichi yake, usisahau tu kuiwasha wewe. Picha yetu ina pointi 750 kwa mstari, mara 160, ni mistari 120,000 ya maandishi. Ni nyingi kwa Uno, inapokea kwa spidi ya 115200 ambayo ni kama herufi 11,500 kwa sekunde, na inapanga mbele miondoko 16 tu. Pointi zikiwa za karibu sana, tuseme 0.1 mm, hiyo miondoko 16 ni 1.6 mm peke yake, na kwa kuwa GRBL inajipanga iweze kusimama ndani ya umbali inaouona, mashine inatembea kwa kusitasita. Bakia kwenye 0.3 mpaka 0.5. Pointi zinazofuatana zenye kina kinachotofautiana chini ya 0.02 mm ziunganishe, faili linapungua sana na picha haibadiliki.

Mistari ya mshazari wa 45° inapendeza kuliko ya kulala, jicho linaiona mistari yenyewe kwa shida zaidi. Ukishazoea ya kulala ihamie hiyo.

Kipande cha majaribio

Usiruke hapa. Chukua mabaki ya ubao uleule, wenye rangi ileile, chonga vimraba 11 vya 20 mm, kuanzia sifuri mpaka asilimia mia, kila kimoja kikiongeza kumi. Simama mita mbili, angalia. Kama vitatu vya mwisho vinafanana, kina chako cha mwisho kimezidi au matuta yanavunjika. Kama vya mwanzo havionekani, sifuri ya Z iko juu. Kama vya katikati vimepauka kuliko picha kwenye skrini, ongeza kile kipeo, vikiwa vizito kipunguze. Mfereji una kivuli chake ndani, kwa hiyo kwa mfereji wa mwanga mara nyingi utaishia chini ya 2.2.

Sifuri ya Z

Kipimo cha karatasi kinatosha kwa herufi, hapa tumia kibati cha kugusia, kipande cha chuma ambacho biti ikikigusa umeme unapita na mashine inajua imefika. Kwenye Uno yenye GRBL 1.1 waya wa kibati unaingia A5 na klipu inakwenda kwenye biti. Kama kibati kina unene wa 10 mm:

G38.2 Z-15 F50
G10 L20 P1 Z10

Gusa katikati ya ubao, kisha bila kubadilisha sifuri gusa kona nne uandike namba zake. Tofauti ikizidi 0.1 mm usianze. Ama bana upya kwa gundi ya utepe wa pande mbili chini yote, kwa sababu klampu za pembeni zinainua katikati, ama tumia bCNC ambayo inagusa ubao sehemu nyingi, inachora ramani ya mabonde na kurekebisha G-code ifuate. Ukumbuke tu uso uliopakwa rangi haupitishi umeme, kibati lazima kikae juu, kwa hiyo kwa ramani bandika karatasi ya foili iliyonyooka vizuri na toa unene wake.

Kuchonga

Vaa barakoa ya P2 au N95, vumbi la MDF ni laini sana na gundi yake ina formaldehaidi. Miwani na vya masikio pia. Glavu hapana, karibu na kitu kinachozunguka glavu inavuta mkono.

Washa ruta kwenye mzunguko wa katikati na iache ipate joto dakika kumi kabla ya kugusa sifuri, maana shafti ikipata moto inarefuka kidogo na wewe unahesabu sehemu za kumi za milimita. Njia yote ya kazi hii ni mita 48, kwa F1200 ni dakika 40 kama Z isingekawiza, weka akilini mara mbili ya hapo.

Kompyuta izuie kulala na izuie kujisasisha. Kebo ya USB iwe fupi na iwe mbali na waya wa ruta na wa vakyumu, umeme wao unakata mawasiliano katikati ya kazi, na ukianza tena mstari uleule hauingii sawa. Kwenye kila mistari 20 hivi rekodi namba ya mstari wa faili uliofika, ikikatika unajua pa kurudia. Na usiondoke kwenda kulala, biti butu ikisimama sehemu moja inaunguza ubao.

Ikiisha, vumbi litoe kwa vakyumu na mswaki laini ukifuata mistari, kuikata mistari kwa mswaki kunavunja matuta. Msasa usiguse uso kama umepakwa rangi kabla. Koti la mwisho la vanishi isiyong'aa lipulize, usipake kwa brashi.

Ukiona hivi

Upande mmoja wa uso mweusi kuliko mwingine: ubao haujanyooka, rudi kwenye kibati. Mistari miwili miwili imeshikana: ni ulegevu wa mhimili unaoruka kati ya mistari, Y mara nyingi. Mifereji inazidi kuwa mipana kadiri kazi inavyoendelea: Z inapoteza hatua ikipanda, punguza $122. Ikizidi kuwa myembamba, inapoteza ikishuka, au biti imesogea kwenye koleti, kile kishikio cha biti kwenye ruta. Manyoya kila mahali: biti imechakaa, au ubao haukufungwa. Na kama kila kitu ni sawa lakini uso hauonekani mpaka ukodoe macho, ubao hauna shida, ning'iniza mahali ambapo mwanga unafuata mistari badala ya kuikata, kisha rudi nyuma mita mbili au tatu.